Saruji Mbichi ya Mama Milly

Milly alikuwa mwanamke wa usafi uliopita kiasi, wa kuosha hata ndoo ya kuoshea. Alitoka Uganda kuja Juba kuuza nguo, biashara ikamshinda, na mwaka wa sita sasa alikuwa akiwalea watoto wa akina mama wa sokoni katika nyumba aliyopanga mtaa wa New Site. Watoto kumi na wanne, asubuhi mpaka jioni. Basi habari ikamfikia kwamba mkaguzi wa mabomba na vyoo angepita Alhamisi, na kwamba nyumba yenye kasoro haitapokea tena mtoto.

Jumanne alimwita Okumu, fundi bomba, Mganda mwenzake. Okumu alichimba nyuma ya choo, kisha akachuchumaa kutazama. Bomba la maji ya kunywa, litokalo kwenye tangi linalojazwa na lori, lilipita ubavuni mwa shimo la maji taka, na kiungo chake kilikuwa kimepasuka. Udongo umelowa, unanuka.

"Madam, hii bomba iko mbaya. Lazima tupitishe upande ingine. Na shimo inyonywe kwanza."

"Siku ngapi?"

"Wiki moja."

"Alhamisi ni keshokutwa, Okumu! Wewe funga na mpira, piga simiti juu. Mgeni aone safi."

Okumu akakata tyubu ya baiskeli, akaviringisha kiungo, akafukia, akamwaga saruji juu ya bomba na mfuniko wa shimo kwa pamoja. Funika kombe mwanaharamu apite. Milly mwenyewe alishika mwiko akailainisha.

Na alijua, msimtetee. Mwanamke anayekagua kucha za watoto kila asubuhi alijua vizuri alichokifunika. Tangu mwezi uliopita watoto walikuwa wakiharisha, naye akawalaumu mama zao. Alimwaibisha Amer, muuza samaki, mbele ya wenzake, kwamba anamlisha mwanawe Puok vitu vilivyochacha. Amer aliinamisha kichwa akaomba radhi.

Alhamisi mkaguzi akaja, Emilio, mtu mpole anayetokwa jasho. Alifungua mabomba, akavuta maji ya choo, akachungulia tangi, akasifu sakafu. Mwishowe akafika nyuma.

"Shimo inafunguliwa wapi, mama?"

"Iko chini ya simiti, Mzee."

Emilio aliigonga saruji kwa kisigino, akatazama saa. Alikuwa na nyumba nyingine tano.

"Kalas, basi. Nyumba safi hivi, hakuna mushkila. Naandika iko sawa." Akatoa kalamu.

Milly alipaswa kumshukuru Mungu. Lakini pale kwenye bomba la ukutani alimwona Puok, mtoto wa miaka mitatu, ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakunywa kwa pupa. Aliruka akakipiga kikombe kikaanguka. Mtoto akaangua kilio.

"Usiandike, Mzee," Milly akasema. "Ngoja."

Akaleta nyundo. Alipiga ile saruji kwa nguvu zake zote, mpaka kipande kikabanduka na harufu ikapanda. Emilio akafunika pua kwa leso. Alichutama akaangalia kwa muda, kisha akaandika, na safari hii aliandika sana. Nyumba ifungwe leo hii.

Jioni akina mama walipokuja, Milly aliwasimamisha getini akawaeleza yote, la mpira na la saruji, bila kujitetea. Alilia. Wengine walimtukana, na matusi yalikuwa haki yake.

Amer, aliyekuwa na haki kuliko wote, hakutukana. Alimbeba Puok, beseni la samaki lingali kichwani, akamsikiliza Milly mpaka mwisho.

"Bukra, kesho, naenda sokoni tena," akasema taratibu. "Mimi iko peke yangu hapa Juba, Mama Milly. Huyu naacha wapi?"