Jiwe la Mzee Batholomeo

Mzee Batholomeo Chilongani ana uso mmoja tu. Wa harusini na wa msibani ni huohuo. Mimi nashona nguo hapa Nzuguni, tumepakana ukuta, na sijawahi kuyaona meno yake. Kila jioni hukaa kwenye kiti mbele ya geti. Kijana akipita bila kumwamkia, Mzee anainuka, anasimama katikati ya njia, na hasogei mpaka shikamoo itoke. Wageni wa mtaa hudhani ni mlinzi.

Mwanawe Fredy aliacha ualimu ili atengeneze magemu ya kwenye simu. Mzee akamwambia hiyo si kazi, ni mchezo, ndiyo maana unaitwa mchezo. Fredy akahamia Mkonze bila kuaga, na tangu hapo shikamoo yake haikusikika tena katika nyumba ile, wala kwa simu. Mzee alisema hajali. Alikuwa anajali mno, na mtaa mzima ulijua isipokuwa yeye.

Mwaka huu gemu la Fredy likaingia kwenye simu za vijana wetu. Kuna mtu mdogo anakimbia na kuruka vichuguu, na juu ya njia yake linaning'inia jiwe kubwa lenye uso. Ukipita chini linakushukia, unakuwa chapati. Nyusi ni za Mzee. Kovu la kidevuni ni la Mzee. Namna ya kulipita ni moja tu: ubonyeze kitufe cha shikamoo.

Nilimwonya Violeth, binti wa Mzee, kwamba baba akiliona hilo jiwe ndiyo basi tena, Fredy hatakanyaga hapa maisha. Lakini Violeth naye ana kichwa kigumu, hakukiokota barabarani. Akampelekea simu palepale getini.

Mzee akaliangalia jiwe. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Amepatia nyusi."

Akaanza kucheza. Akapondwa. Violeth akamwonyesha kitufe.

"Nimwamkie nani? Huyu rika langu."

Akapondwa tena, na tena, mpaka nikaacha cherehani nikasogea kuangalia. Kwa ukaidi ule nilitamani jiwe lingekuwa la kweli. Mwishowe Violeth alipogeukia pembeni, kidole cha Mzee kikagusa kitufe kama kwa bahati mbaya.

Jiwe likapanda juu. "Marahaba, mwanangu," likasema. Ilikuwa sauti ya Fredy, akimwiga baba yake. "Umekula?"

Hivyo ndivyo Mzee alivyokuwa akimwitikia Fredy kila alipotoka shule. Sisi wengine hutuitikia marahaba tupu. Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Akamwambia Violeth apige Mkonze.

Fredy akapokea.

"Jiwe lako linaanguka upesi mno," Mzee akasema. "Mimi huwa nampa mtu nafasi."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

Mzee akamrudishia Violeth simu, akamwambia abandike maji ya ugali. Mkonze si karibu. Ugali ulipoa, ukaota ngozi juu. Mzee akakaa mbele ya ugali huo na uso wake uleule, na hakumega tonge mpaka geti lilipolia.