Alichokificha Katekista Eusebius

Eusebius Kinunda alikuwa katekista wa kigango kimoja cha milimani, upande wa Mapera. Jumapili ambazo padre hakufika, yeye ndiye aliyeongoza ibada, na akianza kuhubiri juu ya ulevi, wanaume walikuwa wakitazama viatu vyao. Alipendwa, na alipenda mno kupendwa. Hapo ndipo ugonjwa wake ulipokuwa, ingawa mwenyewe alidhani ni afya.

Siku moja ya mavuno aliketi nyuma ya nyumba ya shemeji yake, ugimbi umemkolea, ile pombe ya mahindi aliyoilaani kila wiki. Akasikia wanawake wakiita njiani: "Mwalimu! Mwalimu Eusebius! Mtoto wa Veneranda anakufa, njoo umbatize!" Mtu mzima yule, baba wa watu, akajikunyata nyuma ya ghala ili wasimnuse. Waliita, wakaenda kumtafuta nyumbani kwake, wakarudi mikono mitupu. Jua lilipotua, kichanga cha Veneranda, uzao wake wa kwanza, kilikuwa kimeshafunikwa kanga.

Kwenye maziko Padre Mansuetus alimfariji mama, akamwambia Mungu hashindwi kumpokea mtoto asiye na kosa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini mbona hamkumbatiza wenyewe? Mtoto akiwa hatarini, yeyote anaweza kummwagia maji na kutamka maneno. Katekista hakuwafundisha?"

Watu wote wakamgeukia Eusebius. Hakuwafundisha. Yeye alifundishwa zamani, kwenye kozi ya makatekista, akarudi na somo hilo na kulikalia. Kama kila bibi angeweza kubatiza, nani angekimbilia mlangoni kwake? Pombe wangemsamehe, maana nani pale hajawahi kuyumba? Hili lilikuwa jingine. Veneranda alimtazama mara moja tu, na tangu siku ile Eusebius hakuweza kusali hata sala ya chakula.

Akaacha ukatekista, mibuni akamwachia mkewe Luisa, akateremka Lituhi kuchuuza usipa, visamaki vya ziwani vinavyokaushwa mchangani. Kanisani aliingia wa mwisho na kutoka wa kwanza; Komunyo hakuigusa. Wavuvi walidhani ni mkimya kwa asili. Wangemjua wangecheka! Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alimkalia mapajani miaka kadhaa.

Kwaresima moja Padre Mansuetus alikuja Lituhi kusaidia kuungamisha. Eusebius alipanga foleni, akatoka, akarudi, mwishowe akapiga magoti na kumwaga yote. Padre alimsikiliza hadi mwisho.

"Mungu anakusamehe," alisema. "Malipizi yako: rudi nyumbani ukafundishe ulichokificha. Anza kwa Veneranda."

"Baba, nipe rozari," Eusebius alisihi. "Nipe hata mia."

"Rozari utasali njiani."

Alimkuta Veneranda shambani na wanawake wenzake, mteremkoni, wakichimba ngoro. Kwa Wamatengo kazi ile ina mipaka yake. Mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba. Mwanamke huchimba udongo katikati ya mraba na kuyafukia, mpaka mlima mzima unajaa vishimo vya kuzuia maji ya mvua. Mwanamume kushika jembe la ngoro ni kichekesho cha wiki nzima.

"Veneranda, nimekuja kukuomba msamaha," alisema. "Niliwasikia wakiniita. Nilikuwa nimelewa, nikajificha. Na lile la ubatizo nililijua siku zote, nikawanyima."

Shikamoo hakupewa, naye hakuidai.

"Umemaliza?" Veneranda aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nenda. Unatuzuia kazi."

Hakwenda. Aliokota jembe lililolala pembeni, akaingia kwenye mraba wa mwisho, akaanza kuchimba. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mwalimu, tuta lako limepinda kuliko mahubiri yako!" Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa, viganja vimetoka malengelenge. Hatimaye Veneranda akasimama mbele yake.

"Mzee Kinunda, unataka nini hasa?"

"Kuwafundisha kubatiza. Hata usiponisamehe."

Veneranda aliwaonyesha wenzake kwa mpini wa jembe. "Wafundishe hawa," akasema. "Msamaha usinidai, sina."

Eusebius akachukua gunzi la hindi, akaliviringishia kitambaa, akaomba kopo la maji ya kunywa. "Unammwagia kichwani, huku unasema: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Basi. Yeyote anaweza, mradi akusudie lile linalokusudiwa na Kanisa." Wanawake walipokezana, gunzi likabatizwa likaloa chepechepe. Veneranda aliwapa mgongo akiendelea na jembe, lakini shimo alilochimba muda wote ule lilikuwa lile lile moja.

Kutoka pale jumuiya nyingine zilimwita, na vigango vya jirani. Kila alikokwenda alianza kwa kusimulia aibu yake, ghala na yote, maana asingeweza kufundisha bila kuieleza. Usingizi ukamrudia, na sala pia.

Masika yalipofika, Veneranda alishuka ziwani kumwangalia mdogo wake Hilda, aliyeolewa kijiji cha ufukweni, naye alikuwa mjamzito. Uchungu ukaja kabla ya wakati, barabara imekatika, wakampakia kwenye boti la injini kwenda hospitali ya Liuli. Mtoto hakungoja Liuli. Alizaliwa humo humo botini, wa kiume, mdogo, kimya, midomo ya bluu. Veneranda alichota maji ya ziwa kwa kiganja, akampa jina la baba yao, akasema: "Christopher, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtoto akapiga chafya, akalia. Wauguzi wana maelezo yao juu ya maji ya baridi, Veneranda ana yake.

Habari ilipanda mlima kwa simu. Eusebius alipoambiwa alikaa chini mlangoni pake, akalia bila kuona haya.

Hilda alipopata nguvu walimleta Christopher kigangoni, siku ya misa.

"Ubatizo haurudiwi," alisema Padre Mansuetus. "Leo tunampaka mafuta tu. Msimamizi wake nani?"

Veneranda, mtoto mikononi, akawageukia watu.

"Mwanangu alikufa bila kubatizwa kwa sababu ya Mzee Kinunda. Nilimwambia sina msamaha, na kweli sikuwa nao. Kule botini nilitamka maneno aliyotufundisha, na nilipomaliza nikaona hasira haipo. Nimeitafuta mpaka leo, siioni. Mwalimu, njoo."

Vigelegele vikapasuka. Eusebius alitoka benchi la nyuma, akapita katikati ya watu hadi mbele.

"Mpokee mwanao wa ubatizo," Veneranda akamwambia, "maana amenikojolea tangu Injili."

Kanisa zima likacheka, na Eusebius akacheka huku machozi yakimtoka. Padre hakuwa amemaliza kumuuliza kama anasadiki, naye akajibu kwa nguvu, "Nasadiki!", na wapiga ngoma wakaanza kabla ya zamu yao.