Mama Yake Bibi

Juzi kwenye darsa la wanawake hapa Mbagala, ustadhi alitusomea kwamba kwa mujibu wa vitabu vya zamani vya fiqhi, mjakazi hakulazimika kufunika nywele. Stara hiyo ilikuwa ya mwanamke huru. Uso ukaniwaka moto, maana nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, uani kwa bibi yangu, Temeke.

Bibi hakuwa akivua ushungi hata akipika. Mie nilidhani anaona baridi. Siku hiyo ua ulinukia udi na vitunguu vya pilau ya maulidi, na wanawake walikuwa wakichagua mchele huku wakicheka. Bi Salama, jirani yetu wa ukoo wa Kiarabu, alimtazama bibi akijipepea kwa upindo wa kanga.

"Vua ushungi, mwenzangu. Mama yako akipita kwetu kichwa wazi na hakuna aliyemsema. Mjakazi nywele zake si uchi."

Kicheko kikakatika. Mie nilidhani mjakazi ni sawa na mchapakazi, sifa niliyopewa na mwalimu nikifagia darasa. Nikamkumbatia bibi kwa furaha.

"Kumbe mama yako alikuwa mjakazi! Na mie nikikua nitakuwa mjakazi kama yeye!"

Bibi hakunikemea. Alikaza ushungi, akainama kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

"Ndiyo, mjukuu wangu," akasema taratibu. "Alifanya kazi sana."

Jioni ile nilizunguka mtaa mzima nikiwatangazia watoto wenzangu, na bibi hakunikataza.