Magazeti Makuukuu na Riwaya ya Makwasinyi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1966, nilikabidhiwa mkasi, chupa ya gundi na rundo la magazeti yaliyofika kwa treni. Nilikuwa nimetoka Bura, nimemaliza masomo kwa masista wa misheni, na viatu vyangu vilikuwa vipya kiasi cha kuniuma. Mkubwa wangu wa kwanza, Afisa wa Habari pale Voi, alikuwa Mswahili wa Pwani, mtu wa maneno machache.

"Binti," aliniambia, "kazi yetu ni kukata na kubandika. Habari yoyote inayotaja wilaya hii, ikate, iandike tarehe na ukurasa, kisha uibandike kwenye jalada. Habari isiyo na tarehe ni uvumi."

Nyuma ya ofisi kulikuwa na chumba kilichojaa magazeti ya tangu enzi za ukoloni. Mengine yalikuwa ya miaka ya vita vya Mjerumani, yamekauka hata ukiyakunja yanavunjika. Nilipomaliza kazi ya siku niliyasoma. Sikuwa na shabaha yoyote. Nilipenda tu kujua walikula nini, sabuni yao iliitwaje, treni ilipita saa ngapi.

Mwaka wa pili njaa iliingia, na amri ikaja kwamba chumba kile kitumike kuwekea mahindi ya msaada. Magazeti yachomwe. Nilimwendea Afisa.

"Bwana, yakichomwa hatutayapata tena."

"Wenye njaa hawali karatasi, Wakesho."

"Najua. Lakini nikiyahamisha mimi mwenyewe?"

Alitazama kalenda ukutani. "Mahindi yanakuja Ijumaa. Utakayokuwa umeyashona, yaweke kwenye kabati langu. Yatakayobaki, kiberiti."

Nilishona siku nne kwa kamba ya katani niliyoomba kwa jirani aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge. Kushona majalada ni kupanga matoleo kwa tarehe, kutoboa ukingo, kisha kupitisha uzi mara tatu. Vidole vilichubuka. Ijumaa nilikuwa nimeokoa kama nusu. Nusu ya pili niliiona ikiungua nyuma ya choo, na mpaka leo sijui kulikuwa na nini mle.

Baadaye nilihamishwa Wundanyi, nikakaa huko miaka saba chini ya wakubwa watatu, kisha Taveta, kisha nikarudishwa Voi. Ni huko Wundanyi nilipoanza kuandika riwaya. Katika majalada niliyoyashona nilikuwa nimekuta habari ya mistari michache: kwamba wakati wa vita vya Mjerumani, wenyeji wa mlima Kasigau, walioshukiwa kumsaidia adui, walihamishiwa pwani, na kazi hiyo ilikwenda kwa utulivu. Basi. Sehemu iliyobaki ya ukurasa ilikuwa ya mashindano ya farasi huko Nairobi.

Nikaandika sura tatu. Watu wangu waliteremka mlima wamejipanga, wamebeba mizigo yao vizuri, wanaimba. Nikaenda Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya mlima huo, kuuliza majina ya vijito, nikaelekezwa kwa Nyanya Mghoi, ambaye wakati wa tukio lile alikuwa msichana mdogo. Nilimsomea sura ya kwanza yote. Alikuwa akichambua kunde, na hakunikatiza hata mara moja.

"Ni hadithi nzuri," alisema nilipomaliza. "Ni ya watu gani?"

"Ni yenu, Nyanya."

"Sisi hatukuimba, mwanangu."

Aliweka ungo chini. Akanieleza jinsi askari wa Mwingereza walivyowatoa chungu kikiwa bado mekoni. Mama yake alifunga mbegu za kunde kwenye kitambaa akazificha kifuani. Walitembea hadi Voi, wakakaa stesheni siku mbili, juani, wakingoja mabehewa ya kubebea ng'ombe. Huko pwani homa ikamchukua mdogo wake, Mwakio. "Andika jina lake," aliniambia. "Hakuna mahali limeandikwa."

Nilirudi nikaichana ile sura. Nikaandika upya kwa miaka miwili, Jumamosi na Jumapili, kwa taipureta ya ofisi kwa ruhusa ya mkubwa wangu. Kisha, nilipokwisha kurudishwa Voi, nikaupeleka mswada, yaani maandishi kabla hayajawa kitabu, kwa Mhariri wa kampuni moja ya kuchapisha vitabu huko Mombasa. Alikuwa amefanya utafiti wake.

"Bi Wakesho, nimelitafuta gazeti la wakati huo. Linasema watu walihama kwa utulivu. Wewe kilio umekitoa wapi? Riwaya ya kihistoria haina ruhusa ya kugeuza historia."

"Nimekitoa kwa aliyelia."

"Bibi mmoja mzee. Kumbukumbu huchanganyika. Nipe ushahidi wa maandishi, au uiondoe hiyo stesheni."

Nilirudi Voi nikiwa nimevunjika moyo. Kama ningeiondoa stesheni ningemfanya Nyanya Mghoi kuwa mwongo, na yeye alikuwa bado hai. Nikayafungua tena majalada, safari hii nikiacha habari kubwa zote. Nilisoma matangazo madogo, yale ya herufi ndogo kama sisimizi, ambayo hakuna anayeyasoma isipokuwa mwenye shida. Siku ya tatu nikakuta tangazo la reli kwa wafanyabiashara, toleo la wiki ileile: kwa siku mbili mizigo na mifugo haitapokelewa Voi, kwa sababu mabehewa yote ya ng'ombe yana shughuli nyingine.

Nililisoma mara tano. Kisha nikainamisha kichwa mezani nikalia, na tarishi wa ofisi akadhani nimefiwa.

Mhariri alilisoma akifuata mistari kwa kidole. "Siku mbili," akasema. "Mabehewa ya ng'ombe. Alikwambia hivyo kabla hujaliona tangazo hili?"

"Kabla. Na yeye hajui kusoma."

Akachukua kalamu, akaandika juu ya mswada: upigwe chapa.

Kitabu kilipotoka nilikipeleka shule ya Makwasinyi. Mwalimu aliwasomea watoto sura ya stesheni. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, haya yalitokea kweli au ni hadithi tu?" Kabla mwalimu hajajibu, Nyanya Mghoi aliinuka kutoka benchi la nyuma, akishikilia fimbo yake. "Yalitokea," alisema. "Na huyo Mwakio alikuwa akichechemea kidogo. Hilo ulisahau, Wakesho." Darasa zima likacheka, naye akacheka pia.

Nimestaafu sasa, na vijana wanaotaka kuandika hunijia nyumbani. Huwaambia: gazeti la zamani ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Habari kubwa hukuonyesha mwenye nguvu alitaka watu waamini nini. Bei ya chumvi, ratiba ya treni, kitu kilichopotea, barua ya mlalamishi, hivyo hukuonyesha watu wenyewe. Kisha nenda kwa walio hai, na uende upesi.

Macho yangu yamepungua, kwa hiyo binti yangu hunisomea yale majalada, ambayo nilipewa nilipostaafu. Jana tumefika kwenye barua iliyochapishwa katika gazeti la Kiswahili, mwanamke wa Taveta akiuliza kama kuna aliyemwona mumewe, aliyekwenda na wapagazi wa jeshi na hakurudi. Tumepekua matoleo yote yaliyofuata. Hakuna jibu. Leo asubuhi nimemwomba binti yangu anisogezee taipureta, nimwandike mwanamke huyo.