Karatasi za Mwalimu wa Matangi

Mimi ni fundi wa kujenga, na nikianza kusimulia lazima mtu apunguze nusu. Huwa naambia watu wa Voi kwamba kwetu Rukanga jua linakausha plasta ikiwa bado kwa karai, unaitoa imeshakuwa ukuta. Wanacheka, wananiita muongo, wananinunulia chai. Lakini hii ya leo usipunguze. Mimi nasema, binti yangu anaandika, na nimemwambia asiongeze na asitoe.

Shule niliiona kwa nje tu, nikichunga mbuzi. Mbuzi waliingia siku moja wakala daftari za watu, kwa hivyo nafikiri kwetu hao ndio wamesoma.

Sasa kulikuwa na mama mmoja pale Voi, fundi kabisa, mwenye kubeba gunia la simiti vile wewe unabeba mtoto kumpeleka kliniki. Alikuwa anafundisha mafundi kujenga matangi ya maji ya mvua, yale ya waya na simiti. Alikodi rumu nyuma ya duka la hadweya, akaweka mabenchi. Tulimwita Mwalimu. Mambo yote aliyojua aliyaweka kwa karatasi. Picha alichora mwenyewe kwa penseli na rula, maneno akaandika, na kwa kona ya kila karatasi alichora mwiko mdogo wa kupigia plasta. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake.

Siku ya kwanza kila mtu alipewa karatasi zake, halafu tukaambiwa tutie sahihi kwamba hatutapiga kopi wala kumpa mtu. Kuna mmoja aliuliza kwa nini. Mwalimu akamjibu taratibu: “Mwingine ana shamba la mahindi Njukini. Mimi shamba langu ni hizi karatasi. Ukitaka mwenzako ajue, mlete akae kwa benchi.” Watu wakatia sahihi. Mimi nikatia kidole gumba.

Siku ya pili alinikamata. Nilikuwa natingisha kichwa kama mtu anaelewa sana, kumbe karatasi nimeshika juu chini. Hakunicheka. Wenzangu walipotoka aliniambia nibaki, akanisomea zile karatasi za maneno peke yake, zisizo na picha, pole pole, mara nyingi, mpaka zikaingia. Alifanya hivyo kila siku mpaka mafunzo yakaisha, na hakuitisha kitu. Mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakuambia: ukimaliza plasta, funika tangi na magunia yaliyolowa. Mwagia asubuhi, mwagia jioni, wiki tatu. Usilijaze kabla. Tangi jipya ni kama mama aliyejifungua, huwezi kumtwika kuni siku ya nne.

Sisi mafundi tuko na grupu yetu kwa simu. Rafiki yangu mmoja wa Werugha, tumepiga plasta pamoja nyumba nyingi kuliko nywele zangu, alipata kazi ya tangi kwa mama mjane mwenye ng'ombe wa maziwa. Akaniomba zile karatasi, akasema nisikuwe mchoyo. Nikaona ni haki yake. Fundi hujifunza kwa kuiba na macho akibeba karai ya mwenzake. Leo unaazima pima-maji yangu, kesho naazima ngazi yako. Nani alishaomba ruhusa ya kuangalia?

Basi nikazipiga picha. Lakini nilipiga zile za michoro peke yake. Za maneno niliziruka zote.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipo, na nimeufikiria sana. Yale maneno mimi niliyapata kwa mdomo wa Mwalimu, sio kwa karatasi. Kwa akili yangu karatasi ilikuwa ya picha, na maneno yalikuwa yake mwenyewe, anakaa nayo. Nikajiona hata nimeheshimu kidole changu: picha nimetoa, maneno ya Mwalimu sijagusa. Na kwa vile sijui kumtumia mtu mmoja kwa simu, picha nilizituma kwa grupu yote.

Rafiki yangu alijenga tangi zuri ajabu. Kule Werugha juu mlimani ukungu haukatiki, akaona plasta iko mbichi mbichi, akajua mambo ni sawa. Hakuna gunia, hakuna kungoja. Siku ya nne akalijaza maji. Asubuhi yake mama mjane alikuwa ametoka tu kukamua, ndoo mkononi, tangi likapasuka, ukuta ukamwangukia ng'ombe. Siku nyingine ningesema maji yalimbeba mpaka Voi. Hayakumbeba. Ng'ombe alikufa pale pale kwa matope, na mimba yake.

Yule mama alishuka Voi na karatasi ya kuprintiwa aliyoiacha fundi wake, akauliza njiani mpaka rumu ya Mwalimu. Siku hiyo nilikuwa nimepita kusalimia darasa. Aliiweka mezani mbele ya wanafunzi, akauliza hiyo ni ya nani. Kona moja mwiko. Kona nyingine kidole gumba changu, kimeingia kwa picha na ukucha wake uliopasuka. Nikatia mkono mfukoni.

Mwalimu akaiangalia sana. “Pole, mama,” akasema. “Hiyo picha ni yangu.”

Hakusema kwamba fundi aliyejenga lile tangi hajawahi kukaa kwa benchi lake. Mimi pia sikusema, mimi ambaye nikianza kuongea hata redio inazimwa.

Maneno yakatembea mlimani mpaka tambarare kwamba matangi ya mwiko yanaua. Mabenchi yakabaki matupu. Mwalimu akafunga rumu, akapanda Werugha kumjengea yule mama tangi lingine kwa mikono yake. Nikamfuata nikamkorogea simiti. Siku ya tatu nikaona nitapasuka mimi.

“Mwalimu, ni mimi nilituma.”

“Najua. Kidole nilikiona.” Akaendelea kulainisha plasta. Akasema, “Ungemleta akae kwa benchi. Wewe si nilikusomea bure?”

Tulipoanza kufunika magunia nikamwambia zile picha bado zinazunguka kwa masimu, zimeshafika hata Njukini, na watu wanajenga nazo. Nikamwomba ruhusa niwape maneno yake kwa sauti. Akamwagia maji tangi lote, akalizunguka mpaka akarudi nilipokuwa.

“Wape,” akasema. “Lakini mimi usinitaje.”

Nikarekodi kwa simu. Kila mstari ulimi wangu ulitaka kusema “Mwalimu alisema,” nikawa nauuma. Nikaituma. Fundi mmoja wa Njukini akauliza, haya maneno matamu hivi nani amekufundisha? Nikamwambia nimetunga mwenyewe. Nilingoja wacheke, maana hao hucheka hata nikiwaambia saa.

Hakuna aliyecheka. Waliamini.

Ile rumu siku hizi ni ya kinyozi. Mwalimu anauza kabeji na karoti sokoni, na nikipita tunasalimiana vizuri tu. Kwa grupu mimi ndiye wanaita Mwalimu sasa, na sina njia ya kuwakataza bila kumtaja.