Skrini ya Dada Nyuma ya Ukuta

Duka letu la kuchapa lilikuwa Sinza, katikati ya baa mbili zilizoshindana kwa redio, na mie ndiye niliyekuwa mkurugenzi, karani, mfagiaji na bingwa wa kompyuta wa Afrika Mashariki nzima. Cheti changu cha shule ya jioni kilining'inia ukutani ndani ya fremu kubwa kuliko dirisha. Kozi yenyewe tuliisomea ubaoni. Mwalimu alichora kompyuta kwa chaki, sie tukainakili madaftarini, na siku ya mtihani niliwapita wote kwa kuchora kibodi isiyokosa kitufe hata kimoja. Nikahitimu bila kujua ndani ya lile boksi kuna nini.

Mwenye duka alikuwa dada yangu. Alikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda kimoja cha uchapaji, mpaka mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa kazini. Kiinua mgongo chake akakigeuza kompyuta ya mtumba, printa, na chumba kilichokatwa kati kwa ukuta wa matofali: mbele duka, nyuma anakolala yeye. Kazi tuligawana. Mie nachapa, yeye anasoma. Lilikuwaga halimpiti kosa. Nadhani makosa mengine yalipomwona yalijitoa yenyewe kwenye karatasi na kuomba radhi.

Kisha akaanza kuumwa. Mwili ukamwisha, kwanza mabega, halafu mashavu, mpaka kanga moja ikawa inamzunguka na kubaki. Majirani waliacha kuuliza anaumwa nini, maana walikuwa wameshajijibu. Mwishowe akawa hawezi kukaa kitini hata kwa muda wa chai kuchemka. Akabaki kitandani chumba cha nyuma, nami nikabaki mbele na macho yangu mwenyewe.

Macho yangu hayakuchelewa kutuaibisha. Katika maduka ya kuchapa huanzi kadi ya mchango wa harusi upya. Unafungua ya harusi iliyopita, unafuta majina, unaandika mapya juu yake. Nikafuta majina ya watu, lakini neno "marehemu" lililokuwa mbele ya jina la baba wa bwana harusi aliyetangulia likabaki pale pale, likamngoja mzee mwingine. Kadi zikasambazwa mji mzima. Marehemu akaja dukani mwenyewe, ana afya ya kumwangusha ng'ombe, akazimwaga juu ya kaunta. Alivyofoka, ningeapa walimsikia mpaka Bunju, kule mwisho wa mji. Nilikuwa nang'ata midomo nisicheke, mpaka niliposikia dada anakohoa nyuma ya ukuta, anakohoa na kuendelea kukohoa. Mzee naye alisikia. Akashusha sauti, akachukua kadi moja tu kama ushahidi, akaondoka.

Dada akaniita. Nilijua nitasemwa mpaka jioni. Hakunisema.

"Niletee kazi huku ndani," alisema. "Kama sisomi, hapa nalala nasubiri nini?"

Nikaanza kumpelekea karatasi, lakini hazikufaa. Chumba hakikuwa na dirisha, balbu ilimuumiza, karatasi ilimtetemekea mkononi kama ina homa yake yenyewe. Ndipo nikakumbuka kwamba programu mpya tuliyowekewa kwenye kompyuta ilijisifu kuendesha skrini mbili kwa wakati mmoja, kila moja na ukurasa wake. Monita ya ziada tulikuwa nayo, nzee, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mie ningechapa mbele, yeye angesoma nyuma, mwanga ukitoka kwenye skrini yenyewe na herufi nikizikuza apendavyo. Kilichokosekana ni kadi ya pili ya picha, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta ili kupeleka picha kwenye monita.

Nikaifungua kompyuta kwa kisu cha jikoni. Nikaona sloti, zile nafasi za kuchomekea kadi, nyingine nyeusi ndefu, nyingine nyeupe fupi. Nyeupe moja ilikuwa wazi. Nikaipima kwa kipande cha boksi la majani ya chai, kama mama anavyopima mguu wa mtoto kwa kijiti kabla ya kwenda mnadani kumtafutia viatu, nikaenda Mwenge.

Nyuma ya vibanda vya wachongaji palikuwa na fundi aliyeuza kompyuta za mtumba na viungo vyake. Siku hiyo hakuwepo. Palikuwa na shemeji yake tu, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea hela na kusema ndiyo. Nikajichagulia. Nikachukua kadi kubwa kuliko zote, ina feni yake mgongoni, ina haiba kama gari la waziri. Kipimo changu kilipishana nayo kidogo, upana wa ukucha. Nikalaumu mkasi.

Nyumbani haikuingia. Nikageuza, nikapuliza vumbi, nikasema bismillah, nikaikandamiza mpaka bodi yote ikapinda.

"Imeingia?" dada aliuliza kutoka nyuma.

"Inaingia."

Akauliza tena: "Imeingia?"

"Karibu, dada."

Alikuwa ameshamwomba jirani amwinue na kumwegemeza kwenye mito. Alikaa hivyo mpaka adhuhuri akiisubiri skrini, kisha nikamlaza mwenyewe.

Kesho yake sikutaka tena vipimo vya boksi. Nikaifunga kompyuta yenyewe kwa shuka jeupe, nikaibeba begani kwenda Mwenge kwa miguu. Ilikuwa nzito kama ndama. Nilipowapita wachongaji, wawili wao wakasimamisha tezo zao, wakainuka, wakainamisha vichwa. Mmoja akaniambia pole sana. Ilinichukua hatua kadhaa kuelewa wanadhani nimebeba nini. Nikageuka kuwaambia ni kompyuta, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka, kuwashinda wao, nikaendelea mpaka kwa fundi.

Fundi alikuwepo, mtu wa bara, mrefu, anayemwita kila mtu braza. Akaitazama kadi yenye feni, akaitazama kompyuta.

"Braza, hii ulipima na nini?"

Nikamwonyesha kipande cha boksi. Alikiweka juu ya meza kwa heshima zote, akaomba akibakize awaonyeshe wenzake. Kisha akanieleza kwamba kadi ile ni ya mashine mpya zaidi, zenye sloti yake ya peke yake. Yetu ilitengenezwa kabla hawajaifikiria. Akasema kuna waya wa kugawa picha, rahisi kuliko yote, lakini ungempa dada picha ile ile ya kwangu, herufi zikimrukia usoni kila ninapochapa. Za sloti nyeusi ndefu akazikataa: kompyuta isingezikubali kuwa kadi ya pili. Tukabakiwa na mbili za sloti nyeupe.

Akazijaribu moja moja. Nikamwomba atumie waya mrefu, maana wetu ungepita ukutani. Kadi ya kwanza ilitoa rangi ambazo hata bustani za peponi zingezionea wivu, nami mkono ukaenda mfukoni. Akaniambia nisiitazame moja kwa moja, nigeuze uso, niitazame kwa pembe ya jicho. Nikafanya hivyo. Picha ilikuwa inatetemeka yote, na kwa ule waya mrefu kila herufi ilikuwa imeota kivuli. Ya pili ilikuwa na rangi za kufuliwa kwa magadi. Lakini ilitulia, na herufi zilisimama zenyewe.

"Watu wanachukua ile ya kwanza," fundi alisema. "Nani ataitazama?"

"Dada yangu. Anasoma."

"Macho yake yakoje?"

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba dada yangu akiwa Sinza humwona sisimizi aliye Ubungo. Kisha nikakumbuka alivyonituma maji juzi usiku, na glasi nilikuwa nimeshaiweka karibu na mkono wake.

"Nipe iliyotulia," nilisema.

Iliingia yenyewe, kama droo. Nikatoboa ukuta kwa msumari na nyundo, nikapitisha waya, nikawasha. Dada akasema kutoka nyuma kwamba mstari wa pili nimerudia neno, na mstari wa mwisho sijui nilikuwa naota. Sikumbuki matusi matamu kuliko yale.

Tukafanya kazi hivyo. Namaliza ukurasa, nausogeza upande wake, namwambia uko kwako. Anagonga ukuta kwa kijiko akiona kosa, anasema "Sawa, chapa" akiwa hajaliona. Wateja walirudi, hata wale waliopita barabarani wakijifanya hawatufahamu. Wengine walisalimia ukuta: shikamoo dada. Ukuta ukaitikia marahaba. Kula alikuwa ameacha karibu kabisa, lakini asubuhi aliuliza kwanza kuna kazi gani.

Kijiko kikaanza kugonga mara chache. Nikajisifu kwamba sasa nachapa vizuri.

Siku moja nilimaliza kadi ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, nikamwambia uko kwako. Kukawa na ule ukimya wake wa kusoma, wa urefu ule ule wa siku zote.

"Jina la bibi harusi umelikoza wino?"

"Nimelikoza."

"Sawa. Chapa."

Niliinama kuchukua karatasi, nikaona waya wa skrini yake umelala sakafuni. Nilikuwa nimeuchomoa kwa fagio tangu nilipofungua duka, na tangu nilipofungua duka alikuwa ameshanipitishia kurasa kadhaa.

Nikaenda nyuma. Monita ilikuwa nyeusi tii. Dada alikuwa ameigeukia, kanga ameitandika vizuri kifuani, kidole kimoja shavuni, vile alivyokaaga akisoma.

"Umefuata nini huku? Nimeshasema sawa."

"Sufuria."

"Iko jikoni, sio huku."

Nikarudi mbele. Nikauchomeka waya, nikaukaza kwa skrubu zake zote mbili. Kisha nikaisoma ile kadi mwenyewe, taratibu, kidole juu ya kioo, na kwenye jina la mama wa bibi harusi nikakuta nimeruka herufi. Nikairudisha. Nikazipitia na zile za asubuhi. Printa ikaanza kupiga kelele zake.

"Imetoka vizuri?" aliuliza.

"Safi sana, dada. Kuna nyingine."

"Ilete."

Nikaisogeza upande wake.