Kiti cha Mbele cha Mama

Baba yangu ni fundi wa kushona viti vya magari. Miaka thelathini na sita ameingia magari ya watu kwa magoti, sindano mdomoni, na mwenyewe hakuwa na gari. Akiulizwa alikuwa anajibu tu, "Kinyozi hajinyoi," halafu anaendelea na mshono wake.

Mama alikuwa mpiga pasi kwenye dobi la hospitali, pale zinapofuliwa shuka za wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kusimama. Meza ndefu, shuka nyeupe, mvuke, na mbele yake dirisha moja linalotazama barabara ya kupanda kwenye tenki la maji kilimani. Miaka yote hiyo aliona magari yakipanda, yanapotea kwenye kona, na baadaye yanashuka. Akirudi nyumbani, miguu imevimba, alikuwa anatuuliza sisi watoto wake, "Hivi kule juu wanakwenda kuona nini?" Hakuna aliyejua. Watu wa kwetu hatukuwa na shughuli huko.

Jambo lingine la mama, hakuwahi kukaa kiti cha mbele. Lori la dobi lilimrudisha nyumbani akiwa nyuma, pamoja na marobota ya shuka. Hata siku ya harusi yake mbele alikaa mjomba mmoja mwenye tumbo kubwa, eti nyuma haenei. "Mimi mtu wa nyuma," mama alikuwa anasema, na kucheka. Baba alikuwa hacheki.

Mteja mmoja wa baba, mzee mpiga picha, alikuwa na gari la mbio la zamani, la milango miwili na viti viwili basi. Wekundu wake ulikuwa umefifia ukafanana na nyanya iliyolala sokoni. Lilikuwa fupi, ukisimama kando yake unaona paa lote na mavumbi yake. Magoti ya mpiga picha yalipochoka alimwambia baba, "Kuingia naingia, fundi. Kutoka ndiyo mpaka niite majirani. Lichukue wewe, ndiye unayelijua tumboni." Baba alikuwa ameweka akiba ya cherehani mpya. Cherehani ikangoja.

Alilileta Jumamosi asubuhi, akapiga honi mara moja. Mimi nilikuwa nimekuja kuwasalimia, mwanangu mgongoni, ana miezi mitatu. Mama alitoka na povu la sabuni mikononi, akalizunguka gari polepole.

"Kumbe umeniletea mke mwenza."

"Umri wenu mmoja," baba akasema.

"Umri mmoja, ila yeye magoti yake mazima." Akachungulia ndani. "Na mimi nitakaa wapi?"

"Mbele. Nyuma hakupo."

Mama alijifuta mikono kwenye kanga, kisha akasema, "Basi utanipeleka kwenye tenki."

Jirani yetu makanika, tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi, alishafika. "Mzee, una watoto wanne na wajukuu. Gari la watu wawili utawapakia wapi?"

"Wana miguu."

"Basi nikufungie ekzosi kubwa, likipita mtaa mzima ujue."

"Gari la mtu mzima halipigi kelele. Kelele zako zinatosha."

Kimya alitengeneza breki na kabureta kwa wiki mbili, akihadithia kila boliti. Rangi baba hakuigusa. Alichotaka kubadilisha ni upande wa mama peke yake: kioo cha pembeni kishushwe, maana mama ni mfupi, mkanda wa ngozi wa kujivutia ufungwe juu ya mlango, na kiti kishonwe upya, kiinuliwe vidole vinne kwa ajili ya nyonga zake.

Sasa lazima niseme jinsi baba anavyofanya kazi. Yeye anasema kiti ni nguo. Hashoni mpaka ampime mwenye kukikalia, na vipimo anaviandika kwa chaki ukutani kwenye karakana. Kiti kikikaliwa kikapiga mkunjo, anakifungua chote, hata mteja alie. "Chenye mkunjo hakitoki kwangu." Watu walimheshimu kwa hilo.

Basi alimkalisha mama kwenye stuli, akampima kwa futi kamba kama mteja mgeni. Nyonga, mgongo, paja mpaka goti. Mama akamwambia, "Hukunipima hivi uliponichumbia." Baba akaandika ukutani. Nyonga, sentimita mia moja na sita.

Kiti kilipokuwa tayari, kahawia kama sukari guru, mama alikikalia kikamzidi. Ngozi ikajikunja pande zote mbili.

"Umepungua?" baba akauliza.

"Nyumba hii nani ananenepa."

Baba alipima tena, akaandika tisini na nane chini ya ile mia moja na sita, akakifungua kiti. Nilimwona anaitazama namba ile, chaki ingali mkononi. Wiki hiyohiyo tulimpeleka mama hospitali, akapita mbele ya dobi lake akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu. Kulikuwa na kitu tumboni, kikubwa, cha siku nyingi. Daktari alizungumza na baba na mimi pembeni. "Mrudisheni nyumbani," alisema. "Anachokitaka mpeni, msichelewe."

Tulijua anachokitaka. Tenki lilikuwa mwendo wa robo saa.

Nilihamia kwao kumuuguza. Kila nilipotoka kliniki mwanangu alikuwa ameongezeka uzito, na mama alitaka kuiona kadi. "Anakula kwa ajili yetu wawili," alikuwa anasema. Na ukutani kwenye karakana namba zilikuwa zinateremka. Tisini na moja. Themanini na sita. Baba hakusema lolote kuhusu ugonjwa, si kwangu, si kwa Kimya. Alikuwa anapunguza sponji, anakata ngozi, anashona. Akimaliza, mama ameshapungua tena. Nikampelekea chai siku moja nikamwambia, "Baba, si mwende tu?"

"Atatelezea pembeni. Ataumia nyonga."

"Tutamwekea mito."

"Mito?" Alinitazama kama nimemtukana. "Mama yako aende na mito, kama mzigo unaovunjika?"

Niliiweka chai, nikatoka. Alikuwa baba yangu, na ile ndiyo kazi aliyonisomesha nayo.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Mama aliamka na nguvu, sijui alizitoa wapi. Alitaka kuoga. Alitaka gauni lake la kijani, ambalo nililibana nyuma kwa pini nne. Akajifunga kilemba, akajitazama kwenye kioo, akaniambia, "Mwite baba yako. Mwambie ni leo."

Baba alikuja na nyuzi kwenye suruali. Akasimama mlangoni, na usoni mwake nikaliona jibu kabla hajasema. Kiti kilikuwa mezani kwenye karakana, kimefunguliwa, springi nje.

"Kesho asubuhi," alisema. "Nimebakiza upande mmoja tu."

"Leo nimevaa," mama akasema.

"Kesho, mke wangu. Kitakuwa hakina hata mkunjo."

"Mimi sikutaka kiti, mume wangu. Nilitaka kwenda. Niweke hata juu ya ndoo, twende hivi hivi."

"Siwezi kukukalisha juu ya ndoo."

Kimya alikuwa dirishani, na kwa mara ya kwanza jina lilimfaa. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto. Ningeweza kusema. Stuli ya jikoni ilikuwa pale pale, ingeenea vizuri tu, na kamba tulikuwa nazo. Hayo yote niliyafikiria, nikayameza.

Mama alimtazama baba bila hasira. "Haya, fundi," akasema. "Kesho." Alikaa na gauni lake mpaka mchana, kisha akaniomba nimsaidie kulivua.

Asubuhi kiti kilikuwa ndani ya gari, hakina mkunjo hata mmoja. Mama hakuweza kuinua kichwa. Alituacha Jumapili, mkono wake mkononi mwa baba, na pini zangu nne bado zimechomekwa kwenye gauni la kijani lililoning'inia ukutani.

Gari lilifunikwa shuka. Miezi saba baba alishona viti vya wengine, na namba zile hakuna aliyezifuta. Watu walimshauri aliuze. Siku moja akaja kijana mwenye miwani ya jua, akalipenda, akajaribu kukaa upande wa abiria akakwama. "Mzee, kiti hiki ulimshonea mtoto?"

Baba alimsaidia kutoka, akafunga mlango taratibu. "Gari haliuzwi, mwanangu. Samahani kwa usumbufu."

Baada ya hapo alikaa kwenye stuli, akaniita. "Njoo nikupime."

"Unipime nini, baba?"

"Nikitanue. Ukae wewe. Wiki mbili tu." Futi kamba ilikuwa tayari shingoni, na chaki mkononi.

Nilimtazama. Nikaichukua ile chaki, nikaiweka juu ya meza.

"Usikifungue, baba. Twende hivi hivi."

Alifumba macho aliposikia maneno yale. Nilidhani atakataa. Lakini alinyanyuka, akatoa shuka, akaikunja vizuri ncha kwa ncha, kama mama alivyokuwa anakunja. Niliushika ule mkanda wa ngozi, nikajishusha. Nimezaa, mimi si mwembamba. Kiti kilinibana nikakaa upandeupande, mwanangu mapajani akigongagonga kioo.

Tulipanda polepole, injini ikiguna. Tulipita chini ya dirisha la dobi. Tukaikata ile kona.

Juu hakuna kitu. Kuna tenki la saruji, ua wa waya, na mahali pa kugeuzia gari. Lakini ukitazama chini unaona mapaa, na uani kwa dobi shuka nyeupe zimeanikwa, mistari na mistari, zinapepea, na nyuma yake lile dirisha, dogo kama kifungo.

"Kumbe alikuwa anaonekana," baba akasema.

Hatukushuka garini. Mtoto alisinzia. Baba aligeuka upande wangu, akauona mkunjo mkubwa chini ya paja langu, ngozi imevutwa vibaya na mshono umeanza kuachia. Mkono wake ulikwenda pale wenyewe, kidole kikaupitia mkunjo ule kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kisha akaurudisha mkono, akatia gia, tukaanza kushuka.